Ukweli Kuhusu Mkono wa Uthmani

Kwa Mzee Houssein, fundi cherehani,
Muyinga, Burundi.
18 Machi 2000

Mpendwa Shangazi Mwajuma,

Asalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima huko Kigoma, wewe, mume wako na Latifa, na ule mguu uliokuwa unavimba uwe umepungua. Sisi huku Idi tumeisali salama. Baba yuko, ila macho yamechoka. Sasa sindano anatungiwa uzi na mteja yeyote anayeingia dukani. Mvua imenyesha vya kutosha na maharage yamestawi.

Barua uliyompa Bi Salama imenifikia Gitega. Nimeisoma mara nyingi. Unanishukuru kwa kumtoa mwanao Uthmani chini ya lori lililopinduka. Unasema kila Ijumaa unaniombea dua kwa jina langu. Halafu mwishoni unasema Latifa amemaliza shule, anapenda kuchora, na mwezi wa tisa utamleta Gitega aingie chuo chetu, mimi nimtunze kama nilivyomtunza kaka yake.

Shangazi, tafuta mahali pa kukaa kabla hujaendelea. Hakuna lori lililopinduka. Uthmani alikudanganya ili usijue mimi nimefanya nini.

Nianzie chuoni, maana hujawahi kukiona. Wewe ndiye uliyemwandikia baba mwaka wa 1996 atuache tusome sanaa, wakati wazee wa msikiti walipokuwa wanasema kuchora uso wa mtu ni dhambi. Ulifikiri unatupeleka mahali pakubwa. Chuo chenyewe ni vyumba vitatu na ua mmoja. Tulianza wanafunzi kumi na wawili. Wawili waliuawa njiani wakirudi kwao likizo, watatu wakaacha, mmoja hatujui alikokwenda. Tukabaki sita.

Mipaka ilikuwa imefungwa, kwa hiyo rangi hazikuwepo. Tulisaga matofali, tukachukua makaa jikoni, na udongo mwekundu tuliletewa kutoka Buhinyuza kwenye mfuko wa sukari. Turubai ya kuchorea ilikuwa magunia ya unga wa msaada ambayo baba alituunganishia kwa cherehani. Uthmani hakupenda kuchora. Yeye alikuwa mtu wa udongo. Alifinyanga vichwa vya watu, na mtu akikiona kichwa chake mwenyewe alikuwa anakishika shingoni, kama anayetaka kujua kama kinapumua.

Mwalimu wetu mkuu alikuwa Mushagalusa, Mkongomani wa Bukavu aliyekimbia vita vya kwao. Alijua kazi, lakini hakuwa na huruma hata kidogo. Alikuwa akipita nyuma yako, akiangalia, halafu anasema, "Hii ni kalenda ya duka," na kuichana. Siku moja alikiangusha chini kichwa alichofinyanga Ketsia, msichana wa Uvira tuliyesoma naye, kazi ya wiki tano, akamwambia afagie. Jambo alilolichukia zaidi ni kitu cha kubuni. Alisema nchi imejaa mambo ya kweli, anayebuni ni mvivu.

Mwaka jana mwezi wa sita kila mmoja wetu alitakiwa alete kazi ya mwisho mbele ya juri ya maprofesa. Mimi nilitaka kuchora mtu wa porini, mpiganaji wa waasi, kwa sababu hakuna aliyethubutu. Lakini sikuwahi kumwona hata mmoja. Nikamwomba Uthmani asimame uani kwetu Magarama, nyuma ya chumba tulichopanga. Ketsia akaazima koti refu la mlinzi wa chuo. Nikampa Uthmani redio yetu mbovu aishike kama simu ya upepo. Ndevu niliziongeza mwenyewe, na kofia niliivuta hadi kwenye nyusi ili Mushagalusa asimtambue. Mikaratusi na barabara ya Bukirasazi nilivitoa kichwani. Tulicheka sana siku hiyo. Uthmani alilalamika kwamba koti linanuka mbuzi.

Mbele ya juri Mushagalusa aliiangalia ile picha kwa muda mrefu. Akaniuliza, "Hii umeiona, ama umeibuni?"

Nikajibu, "Nimeiona, Mwalimu. Kwenye njia ya Bukirasazi, mwezi wa nne. Alisimama vile vile, akaniangalia, akaniacha nipite."

Sijui hayo maneno yalitoka wapi. Yalitoka tu, na yalikuwa mazuri. Akasema, "Sasa umechora." Katika miaka mitatu hakuwahi kumwambia mtu hivyo. Wakanipa maksi za juu kuliko wote walionitangulia.

Ketsia alinivuta pembeni. "We Nassoro, ile si kweli. Juu ya nini umesema vile? Mi nilikuwa pale, koti nilileta mimi."

Nikamwambia ni mambo ya juri tu, yatakwisha pale pale.

Kesho yake kulikuwa na maonyesho ukumbini, na wakubwa wa mji walialikwa. Mtu mmoja wa suti ya kijivu alisimama mbele ya picha yangu muda mrefu kuliko wote. Nilifurahi. Akaniuliza nilimwona wapi mtu huyu, nami nikamsimulia yote upya, safari hii nikaongeza kwamba alikuwa na bunduki mgongoni ambayo sikuichora. Wakati huo Uthmani alikuwa anapanga mabenchi na kucheka na watu. Yule bwana aliangalia picha, akamwangalia Uthmani, akarudi kwenye picha. Mwalimu wa sanaa hakumtambua chini ya ndevu zile. Yule bwana alimtambua.

Asubuhi iliyofuata walikuja Magarama watu watatu wa usalama waliovaa kiraia, yule wa suti akiwa mmoja wao, na picha yangu wameitoa kwenye fremu na kuikunja. Mushagalusa walikuwa wamemleta pia, akasimama mlangoni bila kuingia. Uthmani alikuwa anakoroga uji. Walimsimamisha, wakaifungua picha kando ya uso wake.

"Ni huyu?"

Nikasema, "Huyo ni ndugu yangu, mtoto wa shangazi yangu. Alisimama tu hapa uani nikamchora."

Yule wa suti akasema, "Jana ulisema ulimwona Bukirasazi, na bunduki. Mbele ya watu. Uliwadanganya maprofesa, ama sasa unatudanganya sisi?"

Shangazi, nilikuwa na jibu moja tu la kusema: niliwadanganya maprofesa. Basi. Uthmani alikuwa ananiangalia, hana hata wasiwasi, alijua nitalisema. Mushagalusa naye alikuwa pale mlangoni anasikiliza. Nikasema, "Sikumbuki vizuri."

Hapa nilikuwa nimeandika kwamba niliogopa. Nimekata. Uthmani, ambaye nilimsomea barua hii jana, alinisimamisha mahali hapo. Alisema, "Hukuogopa. Mi nilikuwa mbele yako, nilikuona. Ulikuwa unafikiria diplome."

Wakamchukua. Uji uliungulia.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kwa direkta wa chuo nikamwambia ukweli. Alifunga mlango. Akasema nikiandika barua ya kukana, chuo kitaonekana kinafundisha uongo juu ya mambo ya usalama, kitafungwa, na Uthmani hatatoka kwa hilo. Akaniambia nisubiri, mambo haya hupoa. Nilisubiri. Nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia nisubiri, na nilimpata.

Ketsia hakusubiri. Alikwenda kwenye nyumba waliyomfungia Uthmani, mara tatu, mwenyewe, mgeni, mkimbizi asiye na karatasi, akasema alikuwepo picha ikichorwa na koti alilileta yeye. Mara ya kwanza walimcheka. Mara ya pili walimfukuza. Mara ya tatu walimpiga hadi sikio la kushoto likaacha kusikia. Amerudi Uvira. Hakuniaga.

Lingine nalo sina budi kulisema. Uthmani alikuwa ameacha vichwa vyake tisa chuoni, vinasubiri kuchomwa tanurini, kwa sababu zamu yake mbele ya juri ilikuwa ya mwisho, wiki iliyofuata maonyesho. Mwezi wa nane udongo ulipungua. Direkta akasema vile vichwa viloweshwe, vikandwe upya, wapewe wa mwaka wa kwanza. Mimi nilikuwa mmoja wa waliovilowesha. Kimoja kilikuwa chako, alikifinyanga kwa kumbukumbu tu, kutoka siku ulipoolewa Kigoma ukamwacha kwetu akiwa na miaka tisa. Kilichelewa kulainika kuliko vingine. Nilikiponda kwa mchi.

Yaliyompata ndani nimeyajua Idi hii, kwa kinywa chake. Walipoona naye ni mwanafunzi wa sanaa, walimpa karatasi na kalamu, wakamwambia, "Chora wenzako." Hakuwa na wenzake. Wakamwambia achore tu, watamwachia siku hiyo hiyo. Nilimuuliza kwa nini hakuchora uso wowote wa uongo, atoke. Alinijibu, "Ningechora uso wowote, wangekwenda kumtafuta mwenye uso ule. Na wangempata."

Alikaa na karatasi nyeupe siku tatu. Siku ya nne waliweka mkono wake wa kulia chini ya mguu wa meza, wakaikalia meza wawili. Mwezi wa kumi na moja walimfungulia mlango bila kumwambia lolote. Vidole vitatu havikunji. Kile cha gumba hakipo.

Alikuja moja kwa moja huku Muyinga kwa baba, na habari ya lori aliitunga yeye. Baba aliiamini. Wewe uliiamini. Mimi nilipoisikia Gitega nilinyamaza, na nilipopata shukrani zako nikanyamaza tena.

Nilikuja hapa siku ya Idi kwa ajili ya Latifa. Uthmani anauza nyuzi na vifungo dukani kwa baba. Alinisalimu vizuri, akanipa kiti. Nilipomwambia nataka kukuandikia, alikataa.

"Mama akijua, atakata undugu hata na mzee Houssein. Mi nimepoteza mkono. We usimpotezee kaka yake."

Nikamwambia kwamba unamleta Latifa Gitega, nimpokee mimi. Hilo hakulijua. Aliacha kupanga vifungo. Mteja akaingia, akanunua zipu, akatoka.

Kisha akasema, "Andika. Lakini andika yote, na safari hii usiongeze kitu."

Nimeandika yote. Kama kuna mahali nimejifanya mzuri, au nimejifanya mbaya kuliko nilivyo ili unionee huruma, Uthmani amepasikia na ameniambia nipafute.

Shangazi, Latifa asije. Siyo kwa sababu ya vita peke yake. Direkta ameniajiri nifundishe kuchora mwaka wa kwanza, naanza mwezi wa nne, na nimekubali. Sina kazi nyingine ninayoijua. Kama Latifa angekuja, angekaa benchi la mbele akinisikiliza mimi. Akitaka kuchora, achore huko huko, na awachore watu wakiwa wamekaa, wanajua wanachorwa kama nani.

Usimkasirikie baba. Hakujua kitu hadi leo asubuhi, nilipomwambia mimi mwenyewe kabla hajafungua duka. Hakupiga kelele. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza jambo moja tu, meza ile ilikuwa ya mbao gani. Sikujua. Halafu akaingia dukani. Diplome yangu alikuwa ameiwekea kioo na kuitundika juu ya cherehani, wateja wote wa Muyinga wanaijua, maana aliwasomea maneno yake kwa Kifaransa asichokielewa. Akaiteremsha, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati lake, akaifunga kwenye gazeti, akanipa.

Akasema, "Gari la Gitega linaondoka saa nne. Kaa nayo huko."

Namalizia barua hii kituoni. Atakuletea Bi Salama, ambaye anapita mpakani Kobero kesho kutwa. Ukitaka kunijibu, nijibu. Ukitaka kumwandikia Uthmani tu, mwandikie kwa baba, itamfikia.

Msalimie mume wako na majirani walioniombea dua pamoja nawe, na uwaambie waache. Msalimie Latifa. Uthmani anakusalimu, amesema usilie mbele ya watu. Baba hakunipa salamu za kuandika, lakini najua anakupenda. Mungu akulinde, akupe nguvu za kuisoma barua hii hadi mwisho, na akupe mtu wa kukaa karibu nawe ukimaliza.

Mimi ninayekupenda, hata kama kuanzia leo hutaki,

Nassoro, mtoto wa kaka yako