Kengele Isiyo na Kondoo

Zizi la Su Pranu,
Barbagia, Sardinia.
11 Februari 1997

Mpendwa mwanangu Antine,

Salamu kutoka kwetu milimani. Sisi wazima, ila goti langu linagombana na baridi. Wewe je, huko Torino? Kile kikohozi kimepona?

Barua yako nimeisoma. Unanisihi nimpe mjane Raimonda kondoo, jina la ukoo lisiaibike. Sitampa.

Desturi yetu unaijua: mchungaji akipoteza kundi, kila jirani humpa kondoo jike mmoja, wala hakuna anayeuliza ametoka zizi gani. Moto wa Agosti uliponimalizia kundi, nilipewa arobaini. Nililia kwa shukrani, nikawachanganya wote zizi moja siku ile ile, bila kuwapima. Hapo ndipo nilipokosea.

Desemba, wakiwa karibu kuzaa, walianza kutupa mimba: leo watatu, kesho watano. Jirani yetu Bachisio akasema ni jicho baya. Daktari wa mifugo alipima kondo la nyuma, akakuta bakteria waharibuo mimba, ya kondoo hata ya mwanamke. Mmoja wa wale arobaini alikuja na ugonjwa, naye kwa macho alikuwa mzima kabisa. Mimba zote nimezifukia kwa chokaa, mbwa wasizifikie. Mkwe wangu Bonaria ni mjamzito. Nimemkataza kukanyaga zizini.

Mwezi uliopita mafuriko yalisomba kundi la Raimonda, zamu yangu ya kutoa ikafika. Jumapili, mbele ya kanisa, Bachisio alinipazia sauti:

“Mzee Gavino! Kupokea ulipokea kwa mikono miwili. Leo imekatika?”

“Ipo yote. Ila sitampelekea mama wa watu msiba uliovaa sufu.”

“Kwa hiyo zawadi zetu ni chafu?”

“Kondoo wapimwe damu. Wangu kwanza, wako wafuate.”

Tangu siku hiyo wengine hawanisalimii. Na wasinisalimie.

Nilichukua kengele ya kondoo aliyeongoza kundi langu la zamani, ile iliyosalimika motoni, nikampa Raimonda. Nilimwambia kwamba kundi langu likithibitishwa kuwa safi, kondoo ataifuata kengele yake. Aliitundika langoni.

Juzi Bachisio alimpelekea kondoo. Raimonda hakufungua. Aliitikisa ile kengele, akamwambia, “Karibu, baba. Karatasi ya daktari iko wapi?”

Msalimie mkeo Assunta na mtoto. Mungu awalinde, nanyi msiache kujilinda.

Wako akupendaye, asiyetikisika,
Baba yako mdogo,
Gavino