Alagama Yako na Mashine ya Sumaku

Mpendwa wifi,

Ejok! Umeamkaje huko Kakuma, na hilo tumbo limepunguza maumivu? Sisi hapa Lodwar Mungu anatuangalia, ni joto tu linatuonea. Nakuandikia kwa sababu simu ukiona ni mimi hushiki. Sijakasirika.

Nakumbuka siku kaka yangu Ekai alipokuoa, mama akakuvisha alagama, pete yetu ya chuma ya shingoni ya mke aliyeolewa. Uliniinamia sikioni: “Wifi, hii ukilala haiumi?” Nikakwambia, “Pete haina maneno. Anayekoroma ndiye shida.” Ukacheka mpaka mama akatukata jicho.

Basi pale hospitali Eldoret nilikuelewa. Yule dada wa kupiga picha za tumbo alikusihi kwa upole, “Mama, toa chuma chote, hii mashine ni sumaku, itavuta.” Nawe ukamjibu, “Ivute! Mume wangu hajafa.” Watu wakacheka kwenye benchi, lakini mimi nilijua unachosema. Kwetu mwanamke huivua akiwa mjane. Ukajifunga shuka lako, ukarudi nyumbani bila picha.

Lakini wifi, nilibaki nikamuuliza daktari. Alisema uvimbe wa kizazi mara nyingi ni ule wa kawaida. Ila huu wako umekua haraka, na kuna saratani inayoanzia kwenye misuli laini ya kizazi. Ile picha itamwonyesha umekaa wapi, umeshika nini, na kama unatia shaka. Jibu kamili litatoka maabara wakishautoa. Lakini bila picha anaweza kuukata vipande akidhani ni wa kawaida, na kama ni ule mbaya, atakuwa ameutawanya tumboni. Hapo ndipo niliogopa.

Nikapanda gari mpaka Lokichoggio kwa Ekai. Alinisikiliza huku anakamua mbuzi, akasema, “Mwambie jana nilimaliza mguu mzima wa mbuzi. Maiti hali nyama.” Mama naye amekubali: mkono uliokuvisha ndio utakaokuvua, atakupaka mafuta shingoni, na ukitoka kwa mashine akuvishe tena. Ekai anasema ukiwa ndani ataivaa yeye. Hebu fikiria, lile shingo lake nene! Nimemwambia akae nje kabisa, asije akavutwa yeye.

Nimeliombea jambo hili, na moyo wangu umetulia. Sijui picha itasema nini, lakini Mungu tuliyemwimbia wewe na mimi hajawahi kutuacha njiani. Likiwa baya, heri tulijue mapema, tupigane nalo.

Tumepata nafasi nyingine ya picha Eldoret wiki ijayo. Ekai atapita Kakuma na basi la Ijumaa asubuhi, mimi na mama tutawangoja stendi hapa Lodwar. Tafadhali nijibu haraka, hata kwa neno moja: utapanda?

Ni mimi wifi yako akupendaye,
Mama Akiru