Ukurasa wa Mwisho Umekwenda na Lori

Mdogo wangu Yunisi,

Pokea salamu zetu. Najua huko uliko kifua hakikubani tena, basi sikuulizi hali, nikupe za huku. Mama yupo Gulwe, magoti yanamsumbua lakini amekataa kuja kukaa kwangu, anasema nani atawafungulia kuku. Baba Upendo hajambo, yupo sokoni na magunia ya watu. Danieli ameota meno mawili ya chini, na akinyonya ananiuma. Punda naye mzima, amekonda tu. Upendo anakwambia shikamoo mama mdogo.

Hapana. Hajasema. Nimemsemea mimi. Upendo siku hizi haongei na mimi ila nikimuuliza, na hilo ndilo linaloniandikisha barua hii. Ona, nimeanza uongo hata kwenye salamu.

Mwandiko unisamehe. Unajua niliishia darasa la tatu. Hii barua nina siku ya nne nayo, naandika karanga zikiwa jikoni, ndiyo maana kuna majivu.

Yunisi, nataka kusema habari ya kitabu.

Siku ile ulipokuja Kibaigwa ulikuwa unacheka tangu mlangoni. Ukatueleza watoto wako wa chekechea pale mtaa wa Kikuyu wanavyogombania vile vitabu vya picha vya kizungu, vya farasi mwenye pembe moja kwenye paji la uso na kasichana kanakompanda kwenda mawinguni. Ukasema, "Dada, huyu mnyama sisi tulikuwa naye zamani. Wenzetu wamechelewa." Mimi sikuelewa. Nikacheka kwa kuwa wewe umecheka. Kumbe na wewe umetengeneza chako, umechora kwa rangi, umeshona kwa uzi mweusi. Kwenye jalada farasi mweupe na msichana amebeba mtoto mgongoni. Ukampa Upendo, lakini macho yako yalikuwa kwangu. "Umsomee wewe, dada. Siyo baba yake. Wewe."

Sikumsomea. Mimi nasoma kwa kidole, neno moja napumzika, kama mtu anayetembea kwenye tope. Upendo yuko la pili na ameshanipita. Niliona aibu anione. Kila akileta kitabu nasema mama ana kazi, mama macho yanauma. Akachoka. Akawa anaangalia picha peke yake, na ulipokuja ukamsomea wewe.

Halafu hospitali. Umelala pale, sauti imekwisha, ukaniuliza, "Dada, umekisoma?" Nikasema nimekisoma, kizuri sana. Ukauliza, "Na mwisho wake?" Nikasema mwisho ndio umenifurahisha zaidi. Ukanishika mkono, ukatabasamu, ukafumba macho. Nilikudanganya, Yunisi. Mtu anayekwenda, nikamdanganya, nikajiona nimefanya vizuri kwa sababu umetabasamu.

Yangekuwa hayo tu ningenyamaza. Yapo mengine.

Mwaka huu mvua ilichelewa. Watu wakaanza kutazamana, unawajua. Siku hiyo nimempeleka punda bombani na madumu, Upendo mbele. Niko nyuma na Danieli mgongoni, sikumwona punda usoni. Nafika, wanawake wote wanamtazama punda. Upendo alikuwa ameokota pembe ya mbuzi, akamfunga nayo punda kwenye paji kwa kitambaa cha kitenge, kile chako nilichopewa msibani. Mmoja akasema, "Mama Upendo, hiyo pembe mmeitia dawa gani?" Mwingine akadakia, "Tunatafuta anayefunga mvua, kumbe anachota maji na sisi." Wakacheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa cha kuchekesha.

Niliogopa. Wewe unajua watu wamefanywa nini kwa neno kama hilo. Nikachuma fimbo, nikamchapa mtoto pale pale, mbele yao, nimchape waone mimi simo. Anasema, "Mama, ni farasi wa mama mdogo!" na mimi naongeza. Tulipofika nyumbani nikachukua kitabu, nikakichanachana kwa hasira bila hata kukitazama, na kesho yake nikakunja vifuko nikafungia karanga ninazouza. Karatasi yako ilikuwa ngumu, ilikaa vizuri. Hayo ndiyo niliyofikiri, kwamba imekaa vizuri.

Upendo alikuwa amemchora yule farasi kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko. Nilimkuta anamfuta mwenyewe kwa kitambaa kibichi. Hakulia. Limebaki doa la kijivu, naliona kila nikipika.

Siku ya tatu nipo sokoni kwenye malori, kuna mpakizi wa magunia, mtu wa utani, ananiita Mama Karanga. Amemaliza karanga zake, amekunjua kifuko, anasoma huku anatafuna. "Mama Karanga, huyu Seche ni nani? Maskini, wamemtoa shule ambebe mdogo wake."

Yunisi. Pale hakuna anayejua kuwa mimi ni Seche. Nilimnyang'anya karatasi. Nikachuchumaa nyuma ya tairi la lori nikasoma kwa kidole. Seche alimfunga punda gunzi kwenye paji. Punda akawa farasi wa pembe moja. Seche akamwambia mdogo wake, panda, usilie, huyu anajua maji yaliko. Wakaruka juu ya reli.

Nilikuwa nimesahau kabisa. Mwaka ule mama alipougua, tunachimba maji kwenye mchanga wa mto pale Gulwe, wewe unalia kiu, nami sina cha kukupa ila maneno. Hata punda alikuwa wa jirani. Ulikuwa mdogo mno, nilijua hukumbuki. Kumbe hadithi ile ulikwenda nayo mpaka shule, mpaka ualimu, ukairudisha imechorwa. Na mimi nikamchapa mwanangu kwa mchezo wangu mwenyewe.

Nikaanza kutafuta kurasa nyingine. Nimeinama chini ya meza za mama ntilie, nimefukua majalala, wapakizi wananitania, "Mama Karanga umepoteza hati ya kiwanja?" Acha watanie. Nimezipata karibu zote, zina mafuta na chumvi, nyingine ina alama ya tairi. Nimezishona tena. Ukurasa wa mwisho sijaupata. Dereva mmoja alinunua vifuko vitatu akaondoka na mahindi kwenda Dar es Salaam.

Jumapili tulipotoka kanisani nikamwita Upendo jikoni, nikamsomea. Kwa kidole, mbele yake. Nilikwama kwenye neno "wakaning'inia" mpaka jasho likanitoka. Alinisubiri. Hakucheka. Tulipofika pale palipochanika nikamwomba aniambie mwisho, maana wewe ulimsomea. Akasema, "Mama mdogo aliukunja. Alisema nisiufungue, huo atausoma dada yake."

Kwa hiyo hakuna anayeujua. Ulikuwa wangu, nikafungia karanga.

Nilimwambia Upendo nimekosa. Nikamwambia Seche ni mimi. Aliniangalia muda mrefu, tangu miguuni mpaka kichwani, kama hasadiki. Jana asubuhi kabla ya kwenda bombani nikatafuta gunzi, nikamfunga punda kwenye paji mimi mwenyewe. Najua wale wanawake wapo na mvua bado haijakaa sawa. Upendo alisimama mbali. Tulipokaribia bombani akaja, akamshika punda shingo, akasema, "Mama, limepinda." Akalinyoosha, akakaza kamba.

Walituona. Mmoja akauliza. Nikajibu huyu farasi ni wa mdogo wangu Yunisi. Maji tulichota.

Basi mdogo wangu, lala. Kaburi lako nitalipalilia mvua zikikolea, nitakuja na Upendo. Nakuahidi nitamsomea kila Jumapili, Danieli naye akikua, na kazi haitakuwa sababu tena. Ila huo mwisho sitautunga. Nilishakudanganya mara moja juu yake, inatosha.

Nijibu upesi, nakuomba. Ukiona mimi sistahili, umletee Upendo mwisho huo ndotoni, ataniambia. Au uandike popote, hata kwenye lile doa la ukutani. Nitausoma. Utanisubiri tu, kidole changu hakina mbio.

Dada yako,
Seche