Bubu, Kasuku na Kiti cha Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Miezi saba bila mstari hata mmoja. Kwa miaka thelathini na minne niliwakataza wanafunzi kuniletea visingizio, basi na mimi sileti. Nilizembea. Naziomba radhi kurasa hizi, na yaishe.

Kilichonirudisha hapa ni gari. Ijumaa lilikataa tena kuwaka. Nimevaa, mkoba u begani, darasa langu la watu wazima linanisubiri — kimya. Fundi wa magari akaja mchana, akageuza ufunguo, likawaka papo hapo. "Mama, hili gari haliumwi," akasema. Hii ni mara ya sita tangu mwaka uanze. Nimechoka kuonekana mwongo mbele ya mafundi.

Sasa imeamuliwa: tunanunua gari la umeme. Binti yetu, muuguzi, amelisema hili mwaka mzima. Kiwanja kimekwisha uzwa, fedha zipo, mjadala huo umefungwa. Kilichobaki ni kuchagua moja kati ya mawili, yote ya daraja la juu. Mimi sitaki makuu. Nataka gari la kunifikisha darasani kila asubuhi na kunirudisha, kwa utulivu.

Utulivu, kwa sababu siku hizi siendi popote peke yangu. Kila mtu anataka lifti. Mume wangu, mpima ardhi mstaafu, hana shughuli yoyote mjini, lakini huingia garini kabla yangu. Asipokuja yeye, huja dada yangu mkubwa, eti anakwenda kunyoosha miguu. Asipokuja dada, huja jirani yetu, fundi cherehani, au binti akitoka kazini. Wote huketi kushoto kwangu, na hakuna anayefunga mdomo. Huyo mama na ndoo yake. Baiskeli hiyo. Mbuzi wale. Utadhani hawajawahi kupanda gari. Mume wangu ndiye aliyewaambukiza. Nimemkemea miaka miwili, ni kumpigia mbuzi gitaa.

Jumatano, 5 Machi

Tumekwenda kwenye duka la magari. Sakafu inang'aa kama imelambwa. Muuzaji ni mwanamke wa makamo, suti nyeusi na viatu vya raba. Nilimpenda kwa viatu vile. Upendo huo ulipungua kidogo aliposema, "Hii gari mama, utaipenda."

"Gari hili," nikamwambia.

"Eeh, hili gari," akaitikia. Nikaliacha lipite.

La kwanza ni la kijivu, refu. Ndani hamna swichi hata moja, kila kitu kimo kwenye skrini. Vishikio vya milango vimejificha ndani ya bati na hutoka ukikaribia. Chaji moja, zaidi ya kilomita mia tano. Halitoi sauti kabisa. Nimelipa jina: Bubu.

La pili ni jeupe, fupi kidogo. Kilomita mia nne. Lina vitufe vya kubonyeza kwa kidole kama vitu vya watu wazima, lakini lina kamera kila pembe, na moja ya ndani inayofuata macho ya dereva ili limwonye asichokitazama — na linasema. Kwa Kiswahili! Nilifunga mkanda, likanishukuru. Hilo ni Kasuku. Tayari nina kasuku wanne, wa tano wa nini?

Mume wangu alikagua yote mawili bila neno. Kisha akauliza swali moja tu: betri yake mtu anaweza kuichomoa kwa mkono?

Muuzaji akacheka mpaka akashika meza. "Baba, hiyo ni nzito kuliko ng'ombe. Imelala chini ya sakafu yote. Utaichomoaje?"

Mume wangu hakucheka. Alikwenda kusimama dirishani, mikono nyuma.

Alhamisi, 6 Machi

Sijui nianzie wapi. Nianze mwanzo, kama ninavyowafundisha wengine.

Tulikwenda kulijaribu Bubu. Muuzaji aliketi mbele, kushoto. Mume wangu nyuma. Kabla hatujaondoka niligeuka nikamwambia waziwazi: leo nataka kuusikia ukimya wa gari hili, kwa hiyo safari nzima usiseme neno. Akafungua mdomo. Nikainua kidole. Akaufunga.

Gari linakwenda kama maziwa yanavyomiminwa. Sikuhisi barabara. Nilifikiri: nimekwisha chagua. Muuzaji alikuwa ameinamia skrini, ananionyesha namna ya kupanga saa ya kuchaji. Tukapita maghala, tukakata kona ya kituo cha mafuta.

Gari likasimama lenyewe.

Si mimi niliyelisimamisha. Mguu wangu haukugusa breki. Mkanda ulinikaba, miwani ikaruka. Na pale, mbele ya taa ya kushoto, mtu na mkokoteni wa madumu ya maji. Mtu mzima, mkokoteni mzima, madumu ya njano kumi na zaidi. Karibu kiasi kwamba niliona mshono uliofumuka begani mwake.

Sikumwona. Naandika kwa usahihi: si kwamba nilimwona nikachelewa. Hakuwepo, kisha akawepo.

Alilipiga bati la gari kofi. "Bibi, macho umeyaacha kwenye chaji?" Watu wa kituo cha mafuta wakacheka.

Nikageuka nyuma. Mume wangu alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Kwa nini hukusema, nikamuuliza.

"Uliniambia ninyamaze."

Ijumaa, 7 Machi

Nimefuta miwani mara tatu tangu asubuhi.

Nimeandika sababu tatu za kutomwona mtu yule, pembeni mwa gazeti. Nguzo ya pembeni mwa kioo cha mbele cha Bubu ni nene. Gari ni geni kwangu. Muuzaji alikuwa akizungumza. Nimezisoma tena. Visingizio vitatu.

Jumamosi, 8 Machi

Kasuku. Muuzaji aliketi nyuma, na hakupendekeza twende mbali. Mume wangu mbele, kushoto, na safari hii sikumkataza kusema.

Mita mia mbili, taa ndogo ya njano ikawaka kwenye nguzo ya kushoto. "Angalia kushoto," likasema gari.

"Baiskeli hiyo," akasema mume wangu.

Kwa pamoja. Silabi ya kwanza juu ya silabi ya kwanza.

Nikadhani ni sadfa. Kwenye mzunguko wa barabara: "Angalia kushoto." "Huyo mama na mtoto mgongoni." Kwenye soko: "Angalia kushoto." "Pikipiki, inatoka." Kama waumini wawili wanaosoma dua moja. Muuzaji alianza kucheka. "Baba, wewe na gari hili mlisoma darasa moja?" Kisha akaacha kucheka. Nilimwona kwenye kioo.

Nilihesabu. Mara kumi na nne katika kilomita sita. Na jambo hili ndilo lililonifanya niliegeshe gari kando ya barabara na kulizima: hata mara moja, gari wala mume wangu, hakuna aliyetaja kilichokuwa kulia.

Nikamuuliza, umekuwa ukinitajia vya kushoto tu?

Akasema twende nyumbani kwanza, Mwalimu. Muuzaji ndiye aliyeendesha kurudi.

Jumapili, 9 Machi

Mume wangu alisingizia mgongo, akalala mchana kutwa. Mimi nikatafuta kazi ya kufanya. Muuzaji aliniuliza nasafiri kilomita ngapi kwa siku, ili tujue betri ipi inatutosha. Nikakumbuka kuwa mume wangu huandika umbali wa kila safari kwenye daftari lake gumu la kazini. Mpima ardhi hastaafu. Nikavuta droo.

Safu ya kwanza, tarehe. Ya pili, mahali. Ya tatu, kilomita. Ya nne imeandikwa juu yake, kwa ule mwandiko wake wa ramani: *Kiti cha kushoto*.

Jumatatu, "mimi", yaani yeye mwenyewe. Jumanne, Dada. Jumatano, fundi cherehani. Alhamisi, binti, akitoka zamu. Ijumaa, "mimi" tena. Wiki baada ya wiki. Ilianza miaka miwili na miezi mitano iliyopita. Na maelezo pembeni: *Kona ya ghala, mama na ndoo, ameambiwa. Geti la shule, watoto watatu, ameambiwa.* Ameambiwa, ameambiwa, ukurasa mzima.

Zamu! Wamenipangia zamu kama mgonjwa wa wodini. Nami nilidhani ninawapa lifti.

Halafu zile Ijumaa za mwaka huu. Nimezihesabu: sita. *Mgongo umenibana. Hakuna wa kuketi. Nimechomoa waya wa betri. Nimerudisha saa tano.*

Gari letu ni zima. Lilikuwa zima siku zote. Tumeuza kiwanja, tumetazama magari mawili, nimewagombeza mafundi wawili, kwa sababu ya waya uliochomolewa na mume wangu akiwa amevaa pajama.

Nilicheka. Sikujua kicheko kinaweza kuuma kifua namna ile.

Jumatatu, 10 Machi

Nimewaita wote sebuleni. Daftari katikati ya meza. Hakuna aliyeligusa.

Binti alianza kulia kabla sijasema neno. Fundi cherehani alijitetea upesi: Jumatano zake amepoteza wateja, lakini hajakosa hata moja. Alisema kama mtu anayedai cheti cha mahudhurio. Dada hakujitetea. "Ulitaka tufanyeje? Nani wa kumwambia hivyo mtu aliyewatia alama nyekundu nusu ya mji huu? Mimi nilikubeba mgongoni, na bado nakuogopa."

Mume wangu aliongea mwisho. Aligundua siku nilipogonga nguzo ya geti letu wenyewe, nikamlaumu aliyeijenga. Ilijengwa kabla hatujaoana. Alijua akiniambia nitaweka ufunguo mezani siku hiyohiyo. "Na darasa lako litakufa, Mwalimu. Na wewe utaketi kwenye kiti kile pale, unasahihisha magazeti mpaka ufe."

Nikamuuliza, na yule wa mkokoteni?

Alitazama mikono yake. "Pale nilinyamaza sekunde tatu. Tangu Alhamisi sijalala."

Nimewalisha chakula, nimewaaga. Sijui kama nina hasira au aibu. Nafikiri ni aibu iliyovaa nguo za hasira.

Jumanne, 11 Machi

Daktari wa macho. Aliniketisha mbele ya mashine kama bakuli jeupe, kidevu juu ya kiegemeo chake, kitufe mkononi. Kila uonapo nukta ya mwanga, bonyeza. Nilibonyeza. Kisha nukta zikaacha kuja, nikangoja kwa adabu. Nikamwambia mashine yako imesimama.

"Haijasimama, mama. Inaendelea."

Presha ya macho. Imekula upande wa kushoto polepole, bila maumivu, na ubongo ukawa unajaza pengo kwa kubahatisha. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kitalindwa kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni, maisha yote. Kipimo cha pili ni Ijumaa hii, ndipo ataandika kama naruhusiwa kuendesha au la. Mpaka hapo, ufunguo nisiushike.

Nikamwambia kuna gari linaloona kushoto. Lina kamera, lina taa, linasema. Nilijisikia nikiomba, kama mwanafunzi anayeombea alama mbili.

Akasema ni msaada mzuri kwa anayeona. Kengele si jicho.

Jumatano, 12 Machi

Muuzaji amepiga simu. Ana sauti ya upole kuliko ya juzi. Bubu limepata mteja mwingine. Kasuku atalihifadhi kwa ajili yetu hadi Jumamosi adhuhuri, zaidi ya hapo hawezi. Ametuma fomu. Fundi umeme naye amepita, amesema nyaya za nyumba zinafaa, ila soketi ya kuchajia iwekwe upande wa gereji usiopigwa na mvua.

Fomu ina mistari michache. Jina la mmiliki: nimejaza. Rangi: nimejaza. Mahali pa kuchaji: nimejaza. Mstari wa nne unauliza *dereva mkuu*, ili gari lijifunze urefu wake, kiti chake na uso wake. Kasuku hukariri uso wa dereva mmoja kwanza, wengine ni wageni.

Sikujaza.

Darasani leo nilipelekwa na binti. Niliketi kushoto mara ya kwanza tangu nipate leseni. Njia nzima mikono yangu haikujua iwekwe wapi. Kwenye kona ya ghala nikasikia mtu anasema, "Mkokoteni huo." Ilikuwa sauti yangu.

Alhamisi, 13 Machi

Saa kumi na moja alasiri. Naandika kwenye meza ya dirishani, fomu chini ya kiwiko.

Nje, mume wangu amefungua boneti ya gari la zamani. Ameukaza ule waya wa betri kwa spana, taratibu, ili nione. Ana miaka sitini na tisa. Amepima mashamba, barabara na viwanja vya ndege, na hajawahi kuendesha hata baiskeli ya miguu mitatu. Daima alisema mwenye kupima hashiki usukani.

Sasa amefunga boneti. Ameingia. Mlango wa kulia! Amevuta kiti mbele, amekirudisha nyuma, amewasha taa ya kugeukia, wipa za kioo zikafuata. Dada yuko barazani, anamwambia ashuke kabla hajabomoa nguzo iliyobaki.

Hamsikii. Ameteremsha kioo, anatazama dirisha hili.

"Mwalimu! Njoo ukae huku unifundishe. Nikikosea unisahihishe, si ndiyo kazi yako?"

Mshenzi. Kiti cha kushoto amekipangusa vumbi.

Kesho ni kipimo. Keshokutwa ni adhuhuri ya muuzaji. Sijui kama jina litakaloingia kwenye mstari wa nne ni langu, au la mzee anayewasha wipa kiangazi. Dada amemaliza kumkemea, sasa ananiita na yeye. Natoka. Kalamu hii itaandika jina moja kwenye fomu ile kabla haijaandika tena humu.