Watu mia moja thelathini na mmoja walisimama, shemeji akabaki amekaa

Mshauri mpendwa,

Kwa kawaida mimi ndiye ninayeombwa msaada, lakini leo naomba, na usinipunguzie makali kwa sababu ya umri wangu. Nina miaka sitini na sita na karakana ya ushonaji yenye cherehani tisa, nilizinunua moja moja kwa jasho langu, na katika maisha yangu hakuna aliyenishika mkono isipokuwa watu wawili, mke na mume, na ni hao ninaokuandikia habari zao.

Huyo mke alikuwa rafiki yangu, na mwaka jana alifariki. Tulikutana miaka arobaini na nne iliyopita kwenye kiwanda cha sare, meza moja, mimi kushoto yeye kulia, na mumewe, ninayemwita shemeji, alikuwa fundi wa kurekebisha cherehani pale pale, akawa anakuja mara tatu kwa wiki kutengeneza cherehani ya mwenzangu ambayo ilikuwa nzima kabisa, wakati yangu inakata uzi kila baada ya dakika tano naye haioni. Nikamwambia, kaka, oa basi sisi wengine tufanye kazi. Akaoa, na tangu hapo tumekuwa watatu, nilipofungua karakana yeye mke alihamia kwangu na cherehani yake, na mume akawa anakuja kila Jumamosi saa nne kamili kutia mafuta mashine zote, hata alipostaafu.

Marehemu hakutumia futi ya kupimia nguo. Alipima kwa shibiri, mkono ameutandaza kutoka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho, anautembeza mgongoni mwa mteja, anasema mbili na vidole vitatu, anakata. Mimi natumia futi. Tuligombana juu ya hilo tangu ujana, akanipa jina la Dada Futi nalo limenibaki, na kwa kuwa sasa hanisikii nitasema ukweli, nguo zake ziliwakaa watu vizuri kuliko zangu. Ni mtu mmoja tu ambaye hakuwahi kushonewa, naye ni mumewe. Kila mwaka aliambiwa zamu yako inakuja, baba, wateja kwanza, naye anacheka na kuwaambia watu kwamba yeye ndiye mteja wa kwanza kwenye foleni na ndiye atakayekuwa wa mwisho kuhudumiwa. Miaka arobaini na mmoja ya ndoa amevaa nguo za dukani.

Basi mwezi uliopita ulitimia mwaka, familia ikakodi ukumbi ili tumkumbuke, na ratiba ikaandikwa na mdogo wake wa kiume, mhasibu. Naiangalia, nakuta mimi ni wa tatu: Rafiki wa familia, dakika tatu. Binti yao mkubwa ana miaka thelathini na minane na tangu aanze kusema ananiita Mama Mdogo, sasa ghafla mimi ni rafiki wa familia. Baada yangu yeye mhasibu mwenyewe, dakika ishirini na tano. Nikapiga hesabu. Dakika tatu kwa miaka arobaini na nne ni sekunde nne kwa kila mwaka. Yeye, katika miaka ishirini, alimtembelea dada yake mara sita, nilikuwepo, nilihesabu, kwa hiyo amejipa dakika nne kwa kila ziara. Sikulala vizuri wiki nzima.

Nikaamua sitahutubia. Zamu yangu ilipofika nikaenda mbele nikasema, nimepewa dakika tatu na sitazimaliza, naomba yeyote aliyewahi kushonewa nguo na marehemu asimame, na kwa kuwa mimi ni mtu wa vipimo nikaongeza, nguo nzima, si kiraka wala kifungo. Kwanza akasimama mwalimu mkuu mstaafu, kwa sababu ya gauni alilovaa siku alipopandishwa cheo, kisha dereva wa lori, kisha mstari mzima wa wauguzi, kisha bibi harusi wa miaka thelathini iliyopita na binti yake kando, viti vikawa vinalia ukumbi mzima, watu wanageuka kutazamana, wewe pia, na wewe, wengine wanacheka huku machozi yanatiririka. Viti vilikuwa mia moja na sitini. Niliwahesabu waliobaki wamekaa kwa sababu walikuwa wachache, ishirini na tisa, wengi wao watoto. Hata mhasibu alisimama, pole pole, maana suruali ya ajira yake ya kwanza aliishona dada yake, nami nikamhesabu, wa mia moja thelathini na moja. Mshauri, sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Na zamu yake ilipofika alisoma nusu ukurasa, zile karatasi nyingine akazikunja akaketi.

Lakini mstari wa mbele kabisa, kiti cha katikati, shemeji alikuwa amekaa. Mikono magotini, anatazama viatu vyake. Mimi ninayehesabu kila kitu sikuona kwamba mmoja wa wale ishirini na tisa ni yeye.

Sasa binti ananiambia, Mama Mdogo, umemwaibisha baba mbele ya watu. Mhasibu anataka niandike barua ya kuomba radhi isomwe mbele ya familia. Nilimpigia shemeji simu, akasema, "Shemeji, hesabu yako ilikuwa sahihi. Mimi sina." Akakata. Jumamosi tatu sasa hajaja, na cherehani zimeanza kulia. Mafuta ninayo na mikono ninayo, lakini sitaki kuzitia mimi.

Labda niongeze, ingawa haihusiani sana, kwamba alipofariki nilichukua viporo vyake vya kazi, nguo kumi na nne zilizokatwa bila kushonwa. Kumi na tatu nimezimaliza na wenyewe wamezichukua. Ya kumi na nne ni koti la kiume, halina jina la mteja, ndani pameandikwa kwa chaki mabega mbili na vidole vitatu, na mabega yale nayajua, ni ya shemeji, atakuwa alimpima akiwa amesinzia kwenye kochi maana sidhani kama anajua. Lipo kabatini kwangu. Sikulishona kwa sababu vipimo ni vya shibiri na mimi sishoni kwa kubahatisha.

Swali langu ni hili, niombe radhi kwa jambo ninaloliona ndilo bora kuliko yote niliyowahi kufanya? Rafiki mmoja nimeshampoteza. Huyu wa pili simudu.

Dada Futi

JIBU

Dada Futi, pole sana, na hongera. Sijui nikupe mkono au nikuvute sikio, basi kaa vizuri nifanye yote mawili.

Barua ya radhi usiiandike. Kila mmoja katika wale mia moja thelathini na mmoja aliwahi kusimama mbele ya rafiki yako akapimwa, naye amepiga magoti anaweka pini kwenye pindo. Uliwasimamisha tena kwa ajili yake, kwa chini ya dakika tatu, na ukamfupishia hotuba mtu wa dakika ishirini na tano. Hilo haliombewi radhi, na nadhani mhasibu mwenyewe anajua, ndiyo maana alikunja karatasi. Na hiyo hasira ya sekunde nne kwa mwaka iache hapo. Umeshinda, mama. Mshindi hadai nyongeza.

Sasa sikio. Unasema koti halihusiani sana. Dada yangu, koti ndilo barua yako yote, hayo mengine ni bitana. Na unaniambia hukulishona kwa sababu ya shibiri. Zile kumi na tatu zilikatwa kwa kipimo gani? Kwa shibiri hiyo hiyo, ukazishona, na zikawakaa wenyewe. Wewe ni mtu wa hesabu, nieleze hapo. Hukulishona kwa sababu ni kazi yake ya mwisho, na ukilimaliza, kazi zake zimekwisha. Ninakuelewa, na ningekuwa wewe pengine ningelifungia kabati kwa kufuli. Lakini si lako. Mwenyewe amekaa kwenye foleni miaka arobaini na mmoja, zamu yake ikafika, na wewe ukaikunja ukaificha. Halafu ukasimama mbele ya watu ukauliza nani ana nguo nzima. Unashangaa nini haji kutia mafuta?

Jumamosi usimsubiri. Wiki hii liunge koti kwa mishono ya muda, lipate umbo, saa nne kamili uwe mlangoni kwake. Mpigie binti aje akushikie pini, na atakuita Mama Mdogo, utaona. Futi iache nyumbani. Ndiyo, iache. Usianze na samahani pale mlangoni, atakujibu hakuna neno, na mtabaki hivyo hivyo. Geuza koti, mwonyeshe ile chaki. Mwandiko wa mkewe anaujua. Mwache ausome muda wote anaoutaka, na wewe nyamaza, najua ni kazi ngumu kwako. Akiinua uso mwambie sentensi moja tu: "Shemeji, nguo ulikuwa nayo, mimi ndiye niliyeiweka."

Kisha piga magoti kwenye pindo, pini mdomoni, kama alivyofanya mwenzako, na umwambie asimame wima. Huyo ni wa mia moja thelathini na mbili.