Namwonea wivu mwanamke wa kofia ngumu

Jumamosi jioni. Mvua imekatika tangu adhuhuri, Ilala yote inanuka udongo mbichi, na mimi nimejaa wivu hadi kooni.

Nimeolewa juzi juzi tu. Hina bado haijafutika vidoleni. Sefu wangu akiingia mlangoni na vumbi la saruji kwenye nyusi, moyo unanidunda kama siku ya kwanza. Jamani, nampenda yule mwanaume! Nampenda hadi anavyokohoa.

Lakini kila tukikaa kula, kuna mtu wa tatu mkekani. "Injinia Neema kasema hivi." "Injinia Neema kakataa zile kokoto, zina udongo." Sefu ndiye msimamizi wa zege kwenye ghorofa linalojengwa Kariakoo, na huyo Neema ndiye mkaguzi wa ubora. Mimi nimepika samaki wa nazi, yeye ananisifia nguzo iliyonyooka.

Nguzo!

Basi mjomba wangu alipotaka mtu wa kumsimamia duka la viatu Mchikichini, nikaona Mungu kanisikia. Sefu aliniachia mimi uamuzi. "Ukisema twende, tunaenda," alisema, akanibusu mkono. Mjomba anataka jibu leo.

Kwa hiyo leo mchana nikavaa dera la njano, nikajipulizia manukato, nikabeba hotipoti la pilau mpaka saiti. Nilitaka nimwambie palepale kwamba tunaenda, na huyo Neema asikie.

Mama anayewauzia mafundi chakula pale getini alinitazama juu mpaka chini, akacheka. "Bibi harusi! Umeleta pilau au umekuja kulinda mali?"

"Vyote viwili, mama," nikamjibu. Nilikuwa nasema kweli.

Nikawaona. Wameinama pamoja, vichwa karibu kugusana. Injinia Neema ni mzuri, naandika kwa uchungu. Kofia ngumu kichwani, buti zina matope, na bado ni mzuri. Alijaza zege kwenye chombo cha chuma kama faneli iliyopinduliwa, kisha akakinyanyua taratibu. Zege zuri linatakiwa lisimame. Hili lilitawanyika kama uji wa mgonjwa. Vibarua walikuwa wameongeza maji ili lisiwe zito kupandisha kwa ndoo.

Sefu akasema limwagwe lote.

Mwenye jengo, mzee mmoja mfanyabiashara, akaja juu. Anataka wapangaji waingie kwenye fremu za maduka kabla ya sikukuu. "Wewe kijana, unamwaga saruji yangu? Nguzo itakauka tu! Wenzako wote wanajenga hivihivi!"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba! Usinipoze na shikamoo!"

"Mzee wangu, ndani ya hizi fremu watakaa watoto wa watu. Nifukuze, lakini zege hili mimi simimini."

Kisha Injinia Neema akasogea, akasimama bega kwa bega na mume wangu, akamwambia mzee kwamba akimfukuza Sefu, yeye hatasaini chochote. Mzee akatukana, akasonya, akaondoka. Toroli la kwanza likaenda kumwagwa.

Nilisimama na hotipoti langu kama mgeni asiyekaribishwa.

Nikiri tu. Wivu wa pale haukuwa wa uzuri wake. Uliniuma kwa sababu mume wangu alikuwa mkubwa kuliko nilivyowahi kumwona, na aliyesimama naye bega kwa bega hakuwa mimi. Mimi nilikuja kumtoa pale nikampange kwenye viatu.

Sefu aliponiona akatabasamu meno yote. "Mke wangu! Sasa niambie, tunaenda Mchikichini?"

Nikamwambia ale kwanza, pilau linapoa.

Nimempigia mjomba sasa hivi. Nimemwambia atafute mtu mwingine, Sefu ana kazi. Mjomba kaguna, kasema nitajuta siku mwenye jengo akimtimua kweli. Huenda.

Na wivu? Upo, umekaa hapa kitandani pembeni yangu. Sefu akimtaja yule dada nitanuna tena, najijua.

Lakini Sefu yupo uani anaoga, anaimba vibaya. Akitoka nitamuuliza zege zuri linachanganywaje, tangu mwanzo, na safari hii sitamkatisha. Hivi kwa nini sijawahi kumuuliza?