Mpira Uliopinda Wingwi

Dada Mwanakhamis,

Shikamoo. Huku Ole sote wazima, karafuu zimezaa, na wasichana wangu wa sofboli hapa skuli wanajitahidi.

Juzi tulicheza Wingwi. Mchezo wetu hauruhusu kuzungusha mkono mzima. Mpira hurushwa kwa chini, ujanja wote umo kwenye kifundo cha mkono. Mrushaji wao akauma ulimi pembeni, akakigeuza kifundo cha kushoto mwisho kabisa. Mpira ukaja moja kwa moja, kisha ukapinda magotini. Wallahi nilikaa chini. Ni wewe, dada, ukirusha mpira wa rede uani! Na aliponigeukia, macho ni yako.

Nikamuuliza kazaliwa lini. Mwaka ule ule.

Yule mtoto uliyemzaa kabla hujaolewa, tuliambiwa kafa, baba kaenda kumzika. Sisi wanawake hatuendi kuzika. Nani kati yetu aliliona kaburi?

Niliporudi nikamweleza mama yote. Hakushtuka hata kidogo. Aliendelea kupeta mchele, kisha akauliza polepole:

“Kashinda?”

Mdogo wako,
Mwatum